Namna ya kuisikiliza Sempiternal mpaka ikukolee

Sempiternal, albamu ya bendi ya Bring Me the Horizon, usiisikilize kwa spika ya simu. Besi yote itapotea, gitaa zitabaki mkwaruzo mtupu, nawe utaondoka ukisema hizi ni kelele. Tafuta hedifoni zinazofunika sikio, hata za bei nafuu, na uzime kile kitufe cha kuongeza besi. Mimi ni fundi mitambo wa kumbi za harusi, kazi yangu ni kukipa kila chombo nafasi yake kisikike, na kwa sikio hilohilo ndiyo naipenda albamu hii.

Bring Me the Horizon ni bendi ya Sheffield, Uingereza. Albamu yao ya kwanza, ya 2006, ni gitaa na mngurumo wa mwimbaji mwanzo mwisho. Mwaka 2012 akaingia Jordan Fish, mtu wa kinanda na midundo ya kompyuta. Prodyuza akawa Terry Date, aliyekuwa ameshafanya kazi na Pantera na Deftones, kwa hiyo gitaa nzito alizijua vizuri. Sempiternal ikatoka 2013.

Anza na wimbo wa kwanza, "Can You Feel My Heart". Mwanzoni kabisa kuna sauti kama ya mtu iliyokatwakatwa na kupindwa. Ishike hiyo peke yake, uifuate hadi mwisho, mengine yote yaache yapite. Kisha rudia wimbo, safari hii fuata gitaa. Utagundua hazikimbii. Zinapiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ndefu, nzito, na melodi zimekiachia kinanda. Hapo ndipo palipo na ufundi wote.

Wacha nieleze kwa nini. Gitaa lenye mkwaruzo hujaza karibu masafa yote ya kati, yaani sauti zisizo besi wala nyembamba, na sauti ya mwimbaji inaishi hapohapo. Ukileta kinanda nacho kikakaa katikati, vyote vitatu vinabanana na hakuna kinachosikika. Kwa hiyo ama kinanda kiende juu, ama kishuke kwenye besi, ama kisubiri gitaa linyamaze, ama gitaa lenyewe lipunguze noti. Bendi nyingi za metalikoa, yaani muziki huu wa gitaa nzito na mngurumo, zilikuwa zikinyunyiza kinanda mwishoni kama chumvi mezani. Hawa walikipika humo tangu mwanzo, na ukikitoa wimbo unaanguka.

Ukishalisikia hilo, nenda "Sleepwalking", namba nne, utazame wanavyopokezana. Halafu "Shadow Moses", ambako gitaa ndilo linaongoza. Wimbo wa pili, "The House of Wolves", uache mpaka sikio lizoee, maana ni mzito kweli. Maneno ya mwimbaji, Oli Sykes, usihangaike nayo kwanza. Chukulia mngurumo wake kuwa ni chombo kingine, maneno utayasoma baadaye.

"Hospital for Souls", wa mwisho, unakaribia dakika saba. Usiuruke mbele. Unaanza kwa utulivu na kupanda polepole, na gitaa zinapofunguka unazipokea kwa sababu umezisubiri.

Baada ya hapo, kama bado una hamu, itafute albamu ya Duma, bendi ya vijana wawili wa Nairobi, iliyotolewa 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Si metalikoa, ni kali zaidi, na mashine ndizo zimeshika usukani. Punguza sauti kabla ya kuiwasha, kisha ipandishe kidogokidogo.