Kadi za Idi kwa printa ya nyumbani

Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, meza yetu ya kulia hapa Tanga hugeuka karakana yangu. Futari ikishaondolewa naipanguza mpaka isibaki hata alama ya mafuta, ndipo naweka printa. Natengeneza kadi kama ishirini na tano: za mashangazi, za wajomba walioko Pemba, na za watoto, ambazo ndani zina kijimfuko cha noti ya mkono wa Idi. Printa yenyewe ni ya kawaida ya wino wa maji, tangi nne: nyeusi, bluu, pinki na njano. Kadi nzuri inatoka humo, mradi uiheshimu karatasi.

Ndiyo, karatasi kwanza, picha baadaye. Ile ya ofisini ya gramu 80 ikikunjwa inalegea, na wino wa nje unaonekana ndani. Mimi nanunua manila nyeupe isiyong'aa, gramu 160 hadi 200. Ya gramu 250 inapendeza mkononi, lakini printa nyingi za nyumbani zinaikataa, hasa zinazovuta karatasi kutoka trei ya mbele chini, maana humo ndani karatasi inalazimika kupinda na kugeuka kabla ya kufika kwenye wino. Printa yako ikiwa na mlango wa nyuma, pitishia huko; manila inashuka karibu imenyooka.

Mwaka wangu wa kwanza nilichukua karatasi inayong'aa, muuzaji akaniambia, "Dada, hiyo inakubali printa yoyote." Kumbe ilikuwa ya leza. Leza inayeyusha unga kwa joto ukagandamana na karatasi. Wino wetu unataka kunywewa. Ulikaa juu yake kama maji kwenye jani la gimbi. Kadi ya shangazi niliitia kwenye bahasha baada ya saa mbili, na alipoitoa jina lake lilikuwa limehamia kwenye kidole gumba. Iliniuma, kwa sababu ile ndiyo kadi niliyoihangaikia kuliko zote. Siku hizi nikiona karatasi ya kung'aa nalowesha kidole kidogo na kugusa pembe ya kipande cha mfano. Upande uliopakwa dawa ya kupokea wino unanatanata kidogo. Usiponata, naiacha dukani.

Sasa vipimo. A4 ina milimita 210 kwa 297. Wengi huikunja katikati mara moja wakapata kadi kubwa, halafu wanashangaa mkunjo umechanikachanika. Karatasi ina nyuzi, na kwenye A4 nyingi nyuzi zinalala kwa urefu. Ukikunja kwa kuzikata, uso wa karatasi unapasuka na weupe unachungulia kwenye rangi. Ndiyo maana mimi huisimamisha A4, nikapanga kadi mbili, moja juu na moja chini, na mstari wa mkunjo unashuka katikati, milimita 105 kutoka kila ukingo. Mkunjo unafuata nyuzi. Kila kadi iliyofungwa inakuwa 105 kwa 148 na inaingia vizuri kwenye bahasha ya C6. Kwa upande wa nje, jalada liwe nusu ya kulia. Nusu ya kushoto ni mgongo, naiacha tupu.

Picha ya jalada iwe na pikseli zisizopungua 1240 kwa 1748. Ukitumiwa picha kwa WhatsApp, mwombe aliyeipiga aitume kama faili, isije kama picha ya kawaida, la sivyo inapunguzwa njiani na kwenye karatasi itatoka na ukungu. Usisogeze maandishi karibu na ukingo. Acha milimita 8, kwani printa nyingi hazifiki mwisho wa karatasi.

Na hapa naomba umakini wako wote: maandishi ya Kiarabu. Programu nyingine haziyajui. Ukibandika "Idi Mubarak" kwa Kiarabu, herufi zinaachana na kupangwa kinyume, kutoka kushoto. Asiyesoma Kiarabu hataona kosa, lakini bibi aliyefundishwa chuoni ataliona hata kabla ya kuvaa miwani. Mpe anayesoma ayaangalie kwenye kioo cha kompyuta, kabla hujatumia tone la wino.

Rangi ya dhahabu printa haina, utapata haradali. Mimi naacha mwezi mweupe, kisha naujaza kwa kalamu ya dhahabu.

Wakati wa kuchapa, kwenye mipangilio chagua karatasi nene isiyong'aa na ubora wa juu, ukubwa uwe asilimia 100, kwa sababu ukiruhusu printa ijipimie, mkunjo utahama. Lisha karatasi moja moja. Kwa upande wa pili usiiachie printa igeuze manila yenyewe. Chukua karatasi ya kawaida, chora mshale kwa penseli kwenye pembe, ichape, uone imetokaje; hapo utajua ugeuzeje. Acha upande wa kwanza ukauke walau nusu saa.

Huku pwani hewa ina maji. Manila iliyoachwa wazi inajikunja na kukwama, kwa hiyo yangu inalala kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Kadi zilizochapwa nazitandaza usiku kucha bila kuzirundika.

Asubuhi ndiyo raha yenyewe. Chukua biki iliyokwisha wino na rula ya chuma. Pitisha biki mara mbili kwenye mstari wa mkunjo, upande wa nje, kwa nguvu ya wastani: inachimba kifereji, na ndani kinatokea kituta chembamba. Kunja hicho kituta kibaki ndani. Funika kwa karatasi safi, kisha sugua kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda kwenye ncha. Karatasi inatii bila kupasuka. Mimi napiga kifereji kabla ya kukata kadi mbili zitengane, kwa vile karatasi nzima haiteleziteleze chini ya rula.

Kijimfuko ni ukanda wa karatasi nyembamba uliogundishwa pande tatu. Pima kwa noti yenyewe, ongeza milimita 5 kila upande.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa cha wino kinabaki wazi na kinakauka. Ukirudi washa mara moja kirudi mahali pake, kisha chapa ukurasa wa kukagua matundu. Mistari ikiwa kamili usikisafishe. Kusafisha kunakula wino mwingi. Na zima kwa kitufe cha printa, kamwe si kwa swichi ya ukutani.

Tarehe sichapi. Kadi za Pemba zinapanda boti siku kadhaa kabla mwezi haujaandama, kwa hiyo ndani zimeandikwa tu "Mosi Shawwal", na chini yake nafasi ya jina, ambalo naliandika kwa mkono.