Jodari: kutoka mshipi hadi sanduku la barafu

Samaki akifa, misuli yake huendelea na kazi. Glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa misulini, hugeuka asidi ya laktiki, na ATP, ile akiba ya nguvu, ikiisha nyama hukakamaa. Jodari aliyeshindana na mshipi muda mrefu hukakamaa upesi. Ukimpasua minofu kabla hajakakamaa, nyama hujikunja. Basi akiingia tu mashuani, mpige kichwani, mtoe damu, ondoa matamvua na matumbo, kisha umsuuze kwa maji safi ya bahari.

Kwa joto la Malindi, weka kilo 1 ya barafu iliyopondwa kwa kila kilo 1 ya samaki, tabaka kwa tabaka, na nyingine ushindilie tumboni. Sanduku liwe na tundu chini: maji ya damu yakituama, bakteria hunawiri humo. Unatafuta nyuzi 0, si ubaridi wa kupapasa kwa kiganja.

Hapa wengi hukosea. Nyama ya jodari ina histidini nyingi, kijenzi kimojawapo cha protini. Akiachwa juani, bakteria huigeuza histamini. Sumu hiyo haitoki kwa kukaanga wala kwa ndimu, na huweza kuwapo bila harufu yoyote. Mlaji huiva uso, huwashwa, kichwa humgonga. Kumrudisha samaki kwenye barafu jioni hupunguza kasi ya nyingine kutengenezwa, lakini iliyokwishatengenezwa haiondoki.

Na changu? Hana hatari hiyo kubwa, ila mbonyeze ubavuni: kishimo kisipojaa, ameshachakaa.