Umeandikiwa dawa ya umakini ukiwa mtu mzima? Anza hivi

Haya mwenzangu, daktari amekwambia una ADHD, ile hali ya ubongo ya kushindwa kutulia na kushika jambo moja, una miaka thelathini na kitu, karatasi iko mkononi na saa hii umesimama nje ya famasi unajiuliza kama utageuka zombi ama utakuwa teja. Mimi nilisimama hapo hapo, miaka 36, mama wa watoto wawili, kazi yangu ni kliaringi, kuwatolea watu mizigo bandarini hapa Mombasa, na ilianza kwa kijana wangu, daktari anamuuliza maswali yake mi nimekaa kando najibu moyoni, lo, huyu anayesemwa si mimi? Sasa hivi nimeshazoea dawa, mimi sio daktari, lakini kuna mambo ningependa mtu aniambie kabla sijameza ya kwanza.

Tuanze na dawa yenyewe. Huku kwetu ukiambiwa dawa ya kuchangamsha ubongo mara nyingi ni methilfenideti, ya muda mfupi ni Ritalin, ya muda mrefu ni kama Concerta. Jina Ritalin lenyewe lilitoka kwa Rita, mkewe Leandro Panizzon, mkemia wa kampuni ya Ciba kule Uswisi aliyeitengeneza mwaka 1944, kwa hiyo sio kitu kimezuka jana. Inafanya dopamini na noradrenalini, kemikali za ubongo, zisifyonzwe haraka kule kichwani, ndio ukaweza kukaa na jambo moja. Ritalin ya kawaida inashika baada ya nusu saa mpaka saa moja, inakaa masaa 3 ama 4 inaisha. Concerta inakwenda kama masaa 12, na hiyo unaimeza nzima, usiikate usiitafune, na usishtuke ukiona ganda lake chooni, dawa imeshatoka ndani, lile ni gamba tu. Adderall ya Marekani ni amfetamini, dawa nyingine kabisa, usichukue miligramu za watu wa kule ukajipimia wewe.

Kabla ya kumeza, hakikisha umepimwa presha, mapigo ya moyo na uzito, vikaandikwa. Ukitoka kwa daktari bila hayo rudi ukayaombe, usione haya. Halafu sema kila kitu: kama umewahi kuzimia ukikimbia, kama kwenu kuna mtu alianguka akafa ghafla akiwa kijana, kama una presha ya macho, thairoidi, kifafa, kama umewahi kusikia sauti ama kuwa na zile siku hulali na unajiona mfalme, kama una mimba ama unaitafuta. Na dawa zote unazotumia, hata za huzuni, kuna aina moja ya zamani ya dawa za huzuni inaitwa MAOI haichanganywi na hii hata kidogo, inatakiwa zipite siku 14 tangu uiache. Mimi nilificha habari ya moyo kudunda nikidhani nitanyimwa dawa, upuzi mtupu, nikaja kuisema kikao cha pili, nikafanyiwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, nikaambiwa niko sawa, wiki mbili nimejitesa bure.

Sasa siku ya kwanza. Chagua siku huendi kazini na huendeshi gari mbali. Mimi nilimeza nusu tembe, miligramu 5, Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, nikasema ngoja nipange tu mikebe ya viungo halafu nikae na entri za mteja, zile fomu za forodha, kontena lake liko bandarini na storeji inahesabu. Saa tano hivi nikashtuka niko chini sakafuni jikoni, bizari zote zimepangwa kwa urefu wa mkebe, iliki nimezimwaga kwenye sinia nachambua zilizopasuka na zilizo nzima, nimekata vikaratasi nimeandika majina kwa kalamu nyekundu, na laptopu hata sijaifungua. Na raha yake usiseme, kichwa kimya, ile redio ya ndani imezimwa. Lakini entri je?

Hapo ndipo nilipoelewa, dawa haikuchagulii kazi. Inakugandisha kwenye kile utakachokikuta mbele yako ikishashika, ukiwa kwenye simu utatazama simu masaa manne kwa umakini wa ajabu. Kwa hiyo kazi ichaguliwe KABLA. Usiku naandika mstari mmoja kwenye karatasi, sio orodha, mstari mmoja, laptopu naiacha kwenye faili hilo hilo, asubuhi nameza, simu naipeleka chumbani, nikishamaliza kunywa chai nakaa hapo hata kama sijisikii kitu. Ikishika inanikuta kwenye kiti.

Na kula kwanza! Ikishashika njaa inapotea kabisa, saa tisa mchana unatetemeka unadhani ni dawa kumbe ni tumbo tupu. Uji mzito, mayai, mahamri na mbaazi, chochote kizito kabla ya kumeza, halafu weka alamu ya chakula cha mchana na ule hata bila hamu, na maji karibu maana mdomo unakauka. Mwezi wa kwanza nilipungua kilo 3, watu wananisifia, daktari hakufurahi.

Dozi huanza chini, Concerta kwa kawaida miligramu 18, inapandishwa pole pole kama kila wiki, na anayepandisha ni daktari sio wewe na hamu yako. Siku ya kwanza kuna wanaolia kwa ule ukimya na kuna wasiohisi chochote, na zote mbili hazikwambii dozi ni sawa ama sio sawa. Kinachosema ni daftari: umemeza saa ngapi, imeisha saa ngapi, umelala saa ngapi, presha ya asubuhi na ya mchana, na kitu kimoja ulichomaliza. Muulize pia mtu wa nyumbani. Mume wangu ndiye aliyeniambia kwenye ile dozi ya juu nilikuwa sicheki, utani wake wote nautazama tu kama risiti. Tukashusha.

Miraa na muguka acha, na hapa nasema kama mtu wa Mombasa anayejua barza zetu, ile ni stimulanti, kichangamsho, juu ya stimulanti, moyo ndio unaolipa. Kahawa punguza sana wiki za mwanzo, enaji drinki sahau. Hata dawa za mafua zenye pseudoefedrini zinapandisha presha, muulize mfamasia kwanza.

Jioni dawa ikiisha kuna kale kakipindi unakuwa na hasira za ovyo, kelele za watoto zinakuingia kwenye mifupa. Kwangu ni saa kumi na moja, nakula kitu, nakaa barazani robo saa peke yangu, wanajua. Usingizi ukikataa, mwambie daktari akusogezee dozi ya mwisho iwe mapema zaidi, mimi Ritalin yangu ya pili haipiti saa nane mchana. Kichwa kuuma kidogo na moyo kwenda mbio kidogo mwanzoni hutokea. Lakini kifua kikibana, ukizimia, pumzi ikikata, ukianza kusikia sauti ama kushuku kila mtu, ama wewe mwanamume isimame isishuke masaa manne, hiyo sio ya kusubiri kikao, acha dawa nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Ramadhani tulipanga na daktari mapema, nahamia ile ya muda mrefu naimeza daku, shida inaisha nguvu alasiri pale pale njaa inapouma, kwa hiyo kazi nzito zote naziweka asubuhi. Na ukisafiri, hii ni dawa inayodhibitiwa kisheria, beba pakiti yake yenye jina lako na barua ya daktari, na kama ni Dubai omba kibali cha wizara yao ya afya kabla hujapanda ndege. Shemeji yangu aliniomba "mbili tu" za mtihani, nilimkatalia na sanduku nikalitia kufuli.

Sasa kichekesho, dawa ya watu wanaosahau inategemea ukumbuke kuimeza. Nina kiboksi cha siku saba, funguo yake iko ndani ya mkebe wa majani chai, bila chai siamki na bila kufungua mkebe hakuna chai. Nikisahau mpaka saa sita mchana basi siku hiyo imepita, sirudishii, wala kesho simezi mbili.