Umejifungua njiti? Anza na kadi yako ya kliniki

Mtoto njiti akifika wodini kwetu, ndugu huanza na swali la uzito: "Sista, ana kilo ngapi?" Mimi naomba kwanza kadi ya kliniki ya mama. Mzani utanionyesha udogo wa mtoto. Kadi itanieleza kilichomtoa kabla ya siku zake, na hicho ndicho kitakachotukesha usiku wa leo. Kichanga aliyetolewa mapema kwa sababu ya presha ya mama hana shida zilezile na aliyetoka baada ya chupa kupasuka huku mama ana homa. Mimi ni nesi mkunga katika hospitali ya wilaya upande wa Ziwa Victoria, na haya ndiyo ninayowaelekeza akina mama na mabibi wanaouguza pale wodini.

Hesabu wiki kabla ya kitu kingine. Njiti ni mtoto aliyezaliwa mimba haijatimiza wiki 37. Wiki huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wala si siku ulipoanza kutapika. Chukua watoto wawili wa kilo 1.8. Mmoja ana wiki 33: mapafu bado, na hawezi kupanga kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja, jambo ambalo kwa kawaida huja karibu na wiki ya 34. Mwenzake ana wiki 38, amekomaa lakini alipunjwa chakula tumboni. Huyu anaweza kushika ziwa leo hii, ila sukari yake ya mwilini hushuka upesi na baridi inamwingia. Ndiyo maana nasisitiza ultrasaundi ifanyike kabla ya wiki 24, maana baadaye kukadiria umri wa mimba kwa picha kunakuwa kwa kubahatisha zaidi.

Halafu kuna ule usemi wa mitaani kwamba wa miezi saba hupona, wa minane hafiki. Naomba tuuache. Kila wiki anayobaki tumboni salama inamwongezea nafasi, na wa miezi minane anamshinda wa saba karibu kwa kila kitu.

Sasa ifungue kadi. Tafuta presha. Ikiwa ilifika 140/90 au kupita baada ya wiki 20, na mkojo ukaonyesha protini, hicho ndicho kifafa cha mimba kinapoanzia, hata kama hukuwahi kuanguka degedege. Mishipa ya kondo la nyuma inakuwa haipitishi damu ya kutosha, mtoto anadumaa, na mara nyingi daktari analazimika kumtoa mapema ili mama asife. Mtoto wa namna hii huwa mwembamba, ngozi imelegea mapajani, uso kama wa mtu mzima. Tunampima sukari mapema na kumlisha bila kuchelewa. Kama mama alichomwa sindano za magnesiamu kuzuia degedege, mwambieni anayempokea mtoto, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumfanya mtoto alegee na apumue kivivu saa za mwanzo.

Malaria huku kwetu inahitaji maneno zaidi. Vimelea hupenda kujificha kwenye kondo, na mama anaweza kuwa anafua na kulima bila homa yoyote huku mtoto ananyimwa chakula ndani. Matokeo ni upungufu wa damu kwa mama, na mtoto mwepesi au njiti. Kinga ni chandarua chenye dawa kila usiku, pamoja na vile vidonge vitatu vya SP unavyomeza mbele ya nesi, kuanzia mimba inapoingia miezi minne, kila kliniki, mwezi kwa mwezi, isipungue mara tatu. Mama anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU hapewi SP, akikabidhiwa aseme. Na usivifunge kwenye kanga ukavitupe njiani kwa kuwa vinaleta kichefuchefu. Tunajua vinakoenda.

Sukari ya mama inamdanganya kila mtu. Mtoto anatoka mnene, watu wanashangilia, kumbe tumboni alizoea sukari nyingi na kongosho lake limejifunza kutoa nyingi ya ile insulini inayoshusha sukari. Kitovu kikikatwa, sukari inakatika lakini insulini inaendelea, naye anaanza kutetemeka au kulegea. Huyo anyonye ndani ya saa ya kwanza, tena apimwe. Mapafu yake nayo huweza kuchelewa kukomaa kuliko unene wake unavyoonyesha.

Mkojo unaochoma, homa, maji yenye harufu, chupa iliyopasuka zaidi ya saa 18 kabla ya kujifungua: vyote hivi vinatufanya tumhesabu mtoto kuwa huenda ana maambukizi hadi tuthibitishe vinginevyo. Kaswende inaweza kuua mtoto tumboni au kumtoa kabla ya wakati, na tiba yake ni sindano ya penisilini kwa mama. Baba naye atibiwe, la sivyo inarudi. Kwa VVU, mama abaki kwenye dawa zake, mtoto apewe dawa ya kinga, na anyonyeshwe. Kipimo cha wingi wa damu kikiwa chini ya 11, meza vidonge vya kuongeza damu hata vikikugeuza choo kuwa cheusi.

Ukiona dalili kabla ya wiki 37 (tumbo linakaza na kuachia, mgongo unauma kwa mawimbi, maji au damu), usingoje hadi uchungu ukolee. Nenda kwenye hospitali yenye wodi ya watoto wachanga mtoto akiwa bado tumboni, kwa sababu hakuna namna ya kumsafirisha iliyo bora kuliko hiyo. Ukifika na mimba ina wiki 24 hadi 34, uliza: "Je, nitapata sindano za kukomaza mapafu?" Daktari atapima kwanza kama una maambukizi na kama kuna uhakika wa wiki, lakini uliza. Sindano hizo zinahitaji muda kufanya kazi, na ndiyo sababu nawagombeza wanaokuja dakika ya mwisho.

Mtoto akishazaliwa, adui wa kwanza ni baridi. Njiti hana mafuta chini ya ngozi na anapoteza joto haraka. Akipoa anatumia sukari yake yote kujipasha, sukari ikiisha pumzi inasuasua. Joto lake liwe kati ya 36.5 na 37.5. Dawa yake ni kifua chako. Huduma ya kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati madaktari walipokuwa na watoto wengi na mashine chache. Kwa miaka mingi tuliambiwa tungoje mtoto atulie kwanza. Kisha mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania: watoto wa kilo 1 hadi 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa kwa asilimia 25 pungufu kuliko waliongojewa watulie. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza kifua kianze mapema iwezekanavyo, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Fanya hivi. Vua blauzi na sidiria. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi tu. Sweta alilosuka shangazi lisubiri. Msimamishe wima kati ya matiti, kifua chake kwenye kifua chako, kichwa kigeukie upande mmoja na kidevu kiinuke kidogo ili njia ya hewa isijikunje. Mikono ikunjwe, miguu ikunjwe na kupanuliwa kama ya chura. Funga kitenge au kanga kwa nguvu kiasi kwamba ukisimama hateremki, ukingo wa juu ukomee chini ya sikio lake, na tumbo lake libaki na nafasi ya kupumua. Kisha vaa nguo yako juu. Lala umeegemea mito, nusu kukaa, usilale chali kabisa. Unaweza kutembea, kula, kuongea na simu. Ukienda kuoga, mpe baba, bibi au wifi yako, naye avue vilevile. Wanaume wengi huona aibu kwa dakika kumi hivi, halafu hawataki kumrudisha.

Nilimwona mama mmoja wa visiwani akishuka kwenye boti, upepo wa ziwa unapuliza kweli, kila abiria amejikunyata. Tulipomfungua, mtoto wake wa kilo na kitu alikuwa na 36.8, ana joto kuliko sisi tuliompokea.

Adui wa pili ni njaa. Anza kukamua ndani ya saa ya kwanza, au mara tu unapoweza, hata kama mtoto yuko chumba kingine kwenye oksijeni. Osha mikono kwa sabuni. Weka kidole gumba juu ya duara jeusi la ziwa na vidole viwili chini, nyuma kidogo ya ukingo wake, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usivute chuchu, hutapata kitu zaidi ya maumivu. Siku ya kwanza yatatoka matone ya njano, dang'a, pengine yasifunike chini ya kijiko. Hayo ndiyo tunayoyataka. Yavute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lisibaki tone. Rudia kila baada ya saa mbili hadi tatu, usiku pia. Anayelala usiku kucha siku za mwanzo ndiye anayekuja kulia siku ya tano kwamba maziwa hayatoki.

Aliye chini ya wiki 34 kwa kawaida hulishwa kwa mpira wa puani au mdomoni, na nesi atakuonyesha. Akianza kumeza, tumia kikombe kidogo. Mkalishe wima mapajani, umemfunga vizuri, gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, inamisha mpaka maziwa yaguse mdomo tu, kisha ngoja alambe mwenyewe. Ukimmiminia utampalia. Chupa ya chuchu iache: kuisafisha ni kazi, na inamvuruga akirudi kwenye ziwa. Maji ya glukosi, asali, maji ya uji, dawa ya tumbo ya dukani, vyote hapana, hata bibi akisema wewe ulilelewa hivyo.

Atapungua uzito wiki ya kwanza, usiogope. Baada ya hapo tunatarajia apande wastani wa gramu 15 kwa kila kilo yake kwa siku. Akiwa hapandi, mara nyingi chanzo ni saa za kifua zimepungua au maziwa ya usiku yamerukwa. Lakini inaweza pia kuwa maambukizi, kwa hiyo apimwe.

Nyumbani, chumba kiwe na joto bila upepo, na jiko la mkaa lisiingie ndani hata kwa dakika. Hewa yake inaua kimya kimya. Wageni wakusalimie wewe sebuleni. Kitovu kikae kikavu: si majivu, si mate, si samadi. Endelea na kangaruu hadi mtoto mwenyewe aanze kujitupatupa na kutaka kutoka.

Kila asubuhi mchunguze akiwa ametulia. Hesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu, ukitazama tumbo. Zikifika 60, hesabu tena. Zikirudi 60 au zaidi, nenda hospitali. Nenda pia ukiona mbavu zinaingia ndani, pumzi inasimama au midomo inabadilika rangi, anakataa kunyonya, analegea asiamke ukimkuna nyayo, degedege, joto limevuka 37.5 au liko chini ya 36.5 na halipandi hata baada ya kumweka kifuani, kitovu kimevimba au kutoa usaha. Manjano yaangalie kwenye mwanga wa mchana: bonyeza ngozi, achia, tazama. Yakifika viganjani na nyayoni, ni siku hiyohiyo. Kumwanika juani hakumtibu, na njiti unaweza kumuunguza au kumpoza. Njiani awe kifuani, hata kwenye bodaboda kama hakuna kingine.

Chanjo zifuate tarehe aliyozaliwa. Kukaa, kutambaa na kusimama hesabu tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa, ili usimlinganishe na wa jirani ukajitia presha bure. Uliza kuhusu madini ya chuma ya matone, na kwa aliyezaliwa mdogo sana au aliyekaa kwenye oksijeni, uliza lini macho yake yatapimwa. Kama umeajiriwa, sheria za kazi Tanzania zilirekebishwa mwaka 2025 na kumfikiria mama wa njiti kwenye likizo ya uzazi, kwa hiyo peleka karatasi za hospitali kwa mwajiri mapema.

Na wewe mwenyewe upimwe. Kifafa cha mimba huweza kukuangusha hata baada ya kujifungua, hasa wiki ya kwanza. Kichwa kinachouma bila kuacha, macho kuona ukungu au maumivu chini ya mbavu za kulia, rudi bila kungoja tarehe ya kliniki. Pumzisha mwili angalau miaka miwili kabla ya mimba nyingine. Itakapoingia, nenda kliniki kabla ya wiki 12 ukiwa na fomu ya ruhusa ya huyu njiti mkononi, umwonyeshe nesi ilipoandikwa sababu. Kama ilikuwa presha, muulize kuhusu aspirini ya dozi ndogo, ambayo huanzwa karibu na wiki hiyo. Kama ilikuwa mkojo au kaswende, dai kupimwa siku hiyohiyo.