Kabla ya Kwenda Dúvugarðar, Makumbusho ya Kijiji cha Saksun

Anza na viza. Visiwa vya Faroe viko chini ya Denmark, lakini havimo katika Umoja wa Ulaya wala eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), kwa hiyo viza ya kawaida ya Schengen haikufikishi. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya aeleze tangu anapojaza fomu kwamba anakwenda Faroe, na viza itamke hivyo.

Dúvugarðar ni nyumba ya zamani ya wakulima kwenye kisiwa cha Streymoy huko Faroe. Hupokea wageni kiangazi tu, basi hakikisha saa za kufungua kabla hujaondoka. Chukua chakula na maji. Saksun ni nyumba chache tu, na Jumapili maduka mengi ya visiwani hufungwa. Noti za Denmark zinapokelewa.

Kutoka kijiji cha Hvalvík hadi Saksun barabara ni nyembamba, gari moja tu kwa upana. Vile vipanuzi vya pembeni ni vya kupishana: ukiegesha hapo, wenye kijiji wanakwama. Kondoo huvuka wapendapo, na kila mmoja ana mwenyewe, hivyo ukimgonga simama uwaite polisi.

Mwavuli uache, upepo utaupindua. Vaa koti na suruali ya mvua, na viatu vyenye meno, kwa kuwa nyasi zilizolowa huteleza mno.

Mlangoni inama, halafu vua begi la mgongoni, maana vyombo viko karibu na njia. Tulia zaidi katika roykstova, chumba cha moshi. Katika nyumba za namna hii moto uliwaka katikati ya sakafu na moshi ukatokea tundu la paani. Jioni za baridi watu walikaa hapo wakichambua na kusokota sufu huku wakisimulia na kuimba. Mkiingia wengi kwa pamoja, hamtaona kitu.

Usipande paa hata kama linakaribia ardhi. Chini ya nyasi kuna magome ya mti wa birch yanayozuia maji, na udongo wa juu ndio unaoyakandamiza. Kisigino kikichimbua udongo, mvua hupata pa kupenya. Nje pia fuata njia tu: majani yale ni malisho ya shamba linaloendelea kufanya kazi.

Ukitaka kuteremka hadi baharini, lipa ada inayotakiwa na uangalie ratiba ya maji kupwa na kujaa. Mchanga hupitika maji yakipwa. Geuka mapema, kabla hayajaanza kujaa.