Jinsi ya Kukagua Buick Grand National Kabla Hujatoa Pesa

Ukiitwa kuangalia Grand National inayouzwa, yaani lile toleo maalumu la Buick Regal, gari la Marekani la miaka ya 1980, usikimbilie boneti. Fungua buti kwanza. Upande wa ndani wa mfuniko wake kiwanda kilibandika karatasi yenye msururu wa herufi na namba za vifaa vilivyofungwa kwenye gari hilo. Tafuta WE2, ambayo ndiyo Grand National yenyewe, na kwa gari la 1986 au 1987 tafuta pia LC2, ambayo ni injini ya V6 ya lita 3.8 yenye tabo. Karatasi ikiwa imebanduliwa, mwenye gari akuonyeshe hati za zamani. Akikujibu kwa hadithi ndefu, funga buti, sema asante.

Mimi ni fundi, na magari haya huletwa kwangu na watu ambao mioyo yao imeshanunua, bado pochi tu. Nawaelewa. Hata hivyo Regal za kawaida zilitoka nyingi mno, na rangi nyeusi, ambayo ndiyo ya Grand National tangu 1984, haijawahi kuwa adimu. Kwa hiyo za bandia zipo, na nyingine zimetengenezwa vizuri kweli.

Soma pia namba ya chesisi, kwenye dashibodi chini ya kioo cha mbele. Tarakimu ya nane ndiyo ya injini: 9 kwa gari la 1984 au 1985, 7 kwa la 1986 au 1987. Hapo wengi huteleza. Mwaka 1987 injini hiyo ya tabo iliweza kuagizwa hata kwenye Regal isiyo Grand National, kwa hiyo 7 inakuhakikishia injini tu. Bado unahitaji ile WE2. Na mtu akikuuzia Grand National ya 1983, huyo usimsikilize kabisa: mwaka huo haikutengenezwa. Ya kwanza ilitoka 1982, ya rangi ya kijivu, na nyingi kati ya hizo hazikuwa na tabo.

Miaka mingine iliyobaki haifanani, na bei isifanane. Za 1984 na 1985 hazina intakula. Zilitajwa kuwa na nguvu farasi 200. Mwaka 1986 Buick walifunga intakula, hewa ikaingia kwenye injini ikiwa imepoa, nguvu ikapanda hadi 235. Mwaka 1987 ikawa 245, wakati Corvette ya mwaka huohuo, gari la fahari la GM, kampuni mama ya Buick, ilitajwa kuwa na 240. Sidhani kuna namba inayoeleza mapenzi ya watu kwa gari hili kuliko hizo mbili. Mstahiki wa mbio alikuwa na silinda nane na sura ya mbio. Huyu alikuwa na silinda sita, milango miwili, viti vya kitambaa na umbo la gari la kumpeleka bibi kanisani, halafu anampita. Jina lenyewe lilitokana na mbio za magari za NASCAR za Marekani, ambako Buick ilitwaa ubingwa wa watengenezaji 1981 na 1982, ingawa yale magari ya mbio hayakuwa na hii V6 ya tabo.

Kabla hujalitoa barabarani, breki. Injini ya tabo ikishaanza kusukuma hewa haina mvuto wa kutegemewa wa kusaidia pedali, kwa hiyo magari ya 1986 na 1987 yalipewa mfumo wa Powermaster: pampu ndogo ya umeme inayojaza presha kwenye tufe la chuma. Ukifa, unabaki na pedali ngumu na gari zito. Kuupima ni rahisi. Swichi ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu. Washa swichi bila kuwasha injini. Pampu inatakiwa ingurume sekunde chache, kisha inyamaze. Ikiendelea kunguruma, au ikirudi kila unapogusa pedali mara moja, tufe limechoka au kuna presha inayopotea. Taa nyekundu ya breki isiyozimika usiijadili, gari lipande kwenye trela. Wamiliki wengi wameshaung'oa mfumo huu na kufunga mwingine. Wapenda uasili hulalamika, mimi sipunguzi hata senti kwa hilo.

Injini uikute ya baridi. Mwambie muuzaji mapema asiiwashe, na ukifika weka mkono juu yake kabla ya salamu kuisha. Ikiwaka, sikiliza mlio wa tik-tik unaopungua chuma kikipata joto: mara nyingi ni manifoldi ya ekzozi iliyopasuka, na ya upande wa abiria ndiyo mgonjwa wa kawaida. Moshi wa bluu baada ya gari kusimama kidogo na kuondoka unaelekeza kwenye sili za tabo au za valvu. Zima, legeza bomba la hewa linaloingia kwenye tabo, shika ncha ya shafti kwa vidole. Kuchezacheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida. Ikienda mbele na nyuma, au mapanga yake yakigusa ukuta, hiyo tabo hesabu kuwa imekufa.

Uliza pia oili gani inatumika. Kemshafti ya injini hii ni ya kizamani, inasuguana na tapeti bapa, inataka oili yenye zinki ya kutosha. Mwenye gari anayejua jibu bila kufikiri amenipunguzia wasiwasi nusu.

Sasa jambo linaloua injini hizi kuliko yote: petroli kujilipua yenyewe ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Hewa iliyosukumwa na tabo ina joto na presha. Petroli ikiwa dhaifu au ikipungua, mchanganyiko hulipuka ovyo na kupiga pistoni kama nyundo. Kinachokatika kwanza kwa kawaida ni gasketi ya silinda hedi. Usitegemee sikio lako, kwenye mwendo wa kasi husikii mlipuko huo. Gari lina kihisio cha kugonga, na kompyuta yake hurudisha nyuma cheche kila kihisio kikipiga kelele. Chini ya dashibodi kuna soketi ya uchunguzi. Chomeka kipimo cha GM za zama hizo uone digrii ngapi kompyuta inarudisha. Injini ikishapata moto, chagua barabara tupu, kanyaga mpaka mwisho kwenye gia ya pili, mwenzako asome namba. Sifuri ni furaha. Ikianza kupanda, toa mguu papo hapo.

Ikipanda, sababu kubwa ni tatu. Ya kwanza, petroli ya oktani ndogo. Ya pili, chipu ya kompyuta iliyobadilishwa na mtu aliyetaka kasi zaidi na petroli ya mashindano, halafu gari likauzwa bila maelezo. Uliza chipu hiyo ni ya petroli gani. Ya tatu, pampu ya petroli iliyozeeka, na hii ndiyo ya hila. Kila presha ya tabo inapopanda kwa pauni moja, presha ya petroli nayo inatakiwa ipande pauni moja. Gari likiwa limesimama pampu chovu itaonekana nzima kabisa. Ndiyo maana wajuzi huunganisha geji yenye bomba refu, huipitisha nje ya boneti na kuibandika kwa utepe kwenye kioo cha mbele, wakaendesha huku wakiisoma. Muuzaji akikukatalia kipimo hiki, amekujibu.

Giaboksi ya magari ya 1984 hadi 1987 ni 200-4R ya otomatiki, hakuna nyingine iliyotoka kiwandani. Kebo yake inayofuata pedali ya mafuta ikikazwa vibaya huunguza klachi za ndani, kwa hiyo mabadiliko ya gia laini kupita kiasi kwangu si sifa.

Bodi, haraka tu. Inua zulia la buti utafute kutu, angalia chini ya kioo cha nyuma na fremu nyuma ya matairi. Paa la vioo likiwepo, gusa zulia la ndani kama lina unyevu. Milango ni mirefu na mizito, inyanyue kwa ncha uone bawaba zilivyolegea. Vipande vya plastiki kati ya bampa na bodi hupasuka vyote. Vikiwa vizima vimebadilishwa, na hilo si kosa.

GNX, toleo la Grand National lenye nguvu kuliko yote, ni somo jingine. Zilitengenezwa 547 tu mwaka 1987 kwa ushirikiano na kampuni ya ASC/McLaren, nguvu farasi 276, kila moja ina namba yake kwenye dashibodi. Ya bandia huvaa matundu ya madigadi na rimu za wavu kwa urahisi. Iga-iga hushindwa chini: GNX halisi ina mkono mrefu unaoshika difu kutoka mbele na fimbo inayoizuia kwenda pembeni. Lala chini na tochi.

Gari lililofanyiwa mabadiliko silikatai, mradi vifaa vya asili vije navyo kwenye maboksi. Na kama unataka kuliendesha, si kulifunika turubai, tafuta Regal T-Type ya 1986 au Turbo-T ya 1987. Injini ni ileile, giaboksi ileile, magonjwa yaleyale, nyingine hata si nyeusi, na muuzaji hana jina kubwa la kukutoza.