Unataka Subaru WRX ya mkononi hapa Tanga? Piga hesabu kwa kilomita kwanza

Wadau, kununua ndo sehemu rahisi. Impreza WRX au Forester ya tabo iliyoshatembea bongo miaka kadhaa unaweza ukaipata kwa hela ambayo mwenzako anaagizia Toyota IST, na hapo ndo vijana wengi wa Makorora na Chumbageni tunapoingia kichwa kichwa, maana gari imeshuka bei ila spea zake hazijashuka. Pedi za breki za Brembo haziangalii gari ina umri gani wala wewe umeinunua shing'api.

Sa fanya hivi. Chukua simu au daftari, usianze na mwezi, anza na kilomita moja. Kila kitu kinachoisha kwenye gari kigawanye kwa kilomita kinazodumu, unapata shilingi ngapi kwa kilomita, alafu ndo uzidishe na mizunguko yako. Bei ntakazotumia hapa nimezizungusha ili hesabu iende, wewe weka za kwako za siku unayonunua.

Tuanze na wese. EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanatoa bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Tanga tuna bei yetu kwa sababu meli za mafuta zinashusha bandarini hapa hapa, so usichukue bei ya Dar ukajiaminisha. Tuchukue lita moja ni 3,000. WRX ya manyuali ukizunguka Ngamiani, mara Barabara ya Ishirini mara Raskazone jioni, itakupa kama kilomita 8 kwa lita, na hapo hujakanyaga. Hiyo ni 375 kwa kilomita. IST inayokupa 14 inakula kama 214. Kwa kilomita 1,000 za mwezi ni 375,000 dhidi ya 214,000. Ah, na wale wanaosema siku hizi motor vehicle hakuna, ni kweli ile ada ya kila mwaka ilifutwa 2017, ila ilihamia kwenye mafuta, 40 kwa lita, kwa hiyo gari mlevi ndo anamlipia kila mtu barabara. Lita 125 kwa mwezi ni 5,000, mwaka 60,000. Sio nyingi ila ijue.

Kwenye STI, yani ile WRX kali zaidi, kuna kitu cha ziada, zile za soko la Japani zimetuniwa petroli yao ya daraja la juu. Ukiweka yenye oktani (uwezo wa petroli kuhimili kunoki) ya chini injini inaanza kunoki, kompyuta inarudisha taiming nyuma kuilinda, nguvu zinapungua na wese linaenda zaidi. Ukiona gari inasikika kama kokoto kwenye kopo ukipandisha mlima wa Amani na gia kubwa, toa mguu, shusha gia. Na usikubali fundi aongeze busti ya tabo kwa kufungua funguo mbili tatu tu, hayo mambo yanatuniwa na mtu mwenye kompyuta na anayejua mafuta yetu.

Oili sasa, hapa nakaa kidogo maana injini nyingi za Subaru za tabo zinafia hapa. Injini ya EJ, ndo iliyoko kwenye nyingi ya hizi Subaru, inachukua lita nne na kitu, mwenye tabo badilisha kila kilomita 5,000, fulu sinthetiki, usisikilize anayekwambia ya 10,000 inafika. Chukua 200,000 na filta yake, gawanya kwa 5,000, ni 40 kwa kilomita. Hizi injini zikichakaa zinakunywa oili taratibu bila moshi wa kukushtua, na tabo inazunguka kwa kasi kubwa mno ikitegemea hiyo hiyo oili kupoa na kulainika, so ukisubiri taa iwake kwenye deshibodi beringi za koni roda zimeshakwenda na unaongelea injini nyingine. Kila ukijaza tenki vuta dipstiki, gari iwe sehemu tambarare na injini imepumzika dakika chache. Baadhi ya hizi injini zina kichujio kidogo sana ndani ya bolti inayopeleka oili kwenye tabo, kikiziba tabo inakufa kimya kimya, kwa hiyo siku ya kwanza ya sevisi mwambie fundi akiangalie. Na ukitoka Segera umekuja mbio, kilomita mbili tatu za mwisho kabla ya nyumbani nenda pole, acha tabo ipoe ndo uzime.

Taiming belti. EJ zinatumia belti sio cheni, na ikikatika valvu zinakutana na pistoni, basi, umeua hedi. Japani wanaibadilisha kwenye kilomita 100,000. Ukinunua mkononi, muuzaji akikwambia "ilishabadilishwa" bila risiti, wewe ihesabu haijabadilishwa. Badili belti na puli zake na wota pampu kwa pamoja, maana fundi akishafungua huko mbele gharama ya kazi ni ile ile. Tuseme 900,000 kwa kilomita 90,000, ni 10 kwa kilomita. Ndogo eeh? Ila inakuja yote siku moja, na ndo maana watu wanaikimbia mpaka inawakimbia wao.

Tairi. Gari ya magurudumu yote kuvuta haitaki tairi tofauti tofauti. Ikipasuka moja ukaweka mpya wakati tatu zimeisha nusu, duara zinapishana, kila zinapozunguka difu ya katikati inafanya kazi ambayo haikutengenezewa, inapata moto, siku moja unakata kona ya kupaki unasikia gari inajikaza yenyewe. Kwa hiyo moja ikifa, andaa hela ya nne, au tafuta yenye jina moja na uchakavu unaolingana. Tairi nne za inchi 17 kwa 250,000 moja, ni milioni, zikikupa kilomita 40,000 ni 25 kwa kilomita. Yale ya mtumba ya chapa nne tofauti waachie wenye bodaboda za matairi matatu. Na kabla ya kushusha gari chini kumbuka matuta ya njia ya Muheza, utavunja bampa na sampo.

Breki weka 20, klachi weka 15 (kama unapenda kuondoka kwa fujo kwenye mataa weka 30). Jumla bila wese ni 110, pamoja na wese 485. Kilomita 1,000 kwa mwezi ni 485,000, na hujagusa bima. Ile 110 ndo inayowachanganya watu, kwa sababu haidaiwi leo. Ipeleke kwenye laini tofauti ya simu au kibubu, 110,000 kila mwezi uwe umebadilisha kitu au hujabadilisha, na usiikope.

Tanga yetu ina mambo yake. Ukiwa unalaza gari karibu na bahari, Raskazone au Sahare, chumvi inakula kimya kimya, kwa hiyo gari inayokuja ya mkononi ingia chini kabisa na tochi, angalia vichwa vya bolti, mabomba ya breki, na kwenye maungio ya bodi nyuma. Oshea chini kwa maji yasiyo na chumvi ya kutosha. Halafu joto. Rejeta weka kulanti, sio maji ya bomba, na ukikuta temostati imetolewa, irudishe, kuitoa ndo "dawa" ya gereji nyingi, inaficha tatizo la rejeta au gasketi ya hedi na injini haifikii joto lake. Kabla ya kulipa, washa gari ikiwa baridi kabisa, iache ipate joto lake, kisha angalia kwenye tenki la akiba la maji kama kuna mapovu yanayokuja mfululizo. Yakiwepo, nenda zako.

Spea za kawaida utapata mjini, ila za STI kamili mara nyingi ni kuagiza Dar, Kariakoo kule Gerezani, inakuja na basi mpaka stendi ya Kange. Weka kwenye hesabu nauli ya mzigo na siku mbili tatu gari imesimama, na mtu anayejua kuangalia kitu kabla hujatumiwa, maana sensa ya mtumba ukishaipokea ni yako.

Bima kubwa kwa kawaida inaanzia asilimia 3.5 ya thamani na VAT asilimia 18 juu yake. Gari ya milioni 18 ni 630,000, na VAT inafika 743,400, yani kama 62,000 kwa mwezi. Sasa tuko kwenye 547,000 hivi. Ndogo ya thedi pati ni 118,000 kwa mwaka, na wengi ndo wanaibeba, lakini gari ya nguvu ikigonga au ikiibiwa unabaki na ufunguo. Ukibadilisha egzosti, tabo au rimu waandikie kampuni ya bima kabla, sio siku ya kudai.

Faini nayo ni gharama ya uendeshaji usijidanganye. Vijijini mwisho ni kilomita 50 kwa saa, tochi za polisi zinajulikana zilipo na zisipojulikana, na kosa moja ni 30,000. Gari ya namna hii inafika 80 bila wewe kuhisi, safari ya Dar ya kilomita 350 ukikamatwa mara mbili ni 60,000, karibu lita 20 za petroli. Kabla hujahamisha kadi ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi uone madeni ya faini, na ya paking ya TARURA pia, muuzaji ayalipe mbele yako ndo umpe salio.